Cherehani Iliyotakiwa Miguu

Jumatatu, 9 Machi

Mvua imeanza leo, na leo hii hii mdogo wangu ameuza cherehani ya Mama. Tena hakuiuza yote. Ameuza miguu.

Mnunuzi ni yule mwenye mkahawa wa barabarani. Alikuja kuchukua suruali yake, akainama kama mtu aliyeangusha kitu, akapapasa yale maua ya chuma na kanyagio, akasema, "Hii nikiiwekea kioo juu, napata meza ya wageni wa heshima." Nikamuuliza, na kichwa? Akasema kichwa nitajua mwenyewe cha kukifanyia, labda kuzuia mlango usijifunge.

Kuzuia mlango! Nilishika mkasi nikauweka tena mezani, kwa usalama wake.

Atakuja njia ikikauka, maana mvua ikinyesha kichochoro chetu kinakuwa uji mtupu na mkokoteni haupiti. Mtaa mzima unailalamikia mvua. Mimi kuanzia leo naiombea maisha marefu.

Naandika haya nyuma ya daftari la vipimo, kwenye kurasa zisizo na viuno vya watu. Nisipoyaandika nitayasema, na nikiyasema chumba hiki hakitatutosha wawili.

Jumanne, 10 Machi

Nimemwambia hapana.

"Dada, hiyo cherehani ilikufa tukiwa watoto," akasema mdogo wangu. "Wewe mwenyewe unaiita meza ya pasi."

Hapo alinipata. Tangu Mama afariki na cherehani ihamie humu, tumeifunika blanketi na kupigia pasi juu yake. Mama mwenyewe aliacha kuishonea nikiwa na miaka kumi na miwili. Nyumbani ilisemwa iliharibika siku ile mdogo wangu, akiwa na miaka tisa, alipoingiza kidole kwenye sindano kwa utundu wake. Mama akaifunika, akanunua nyingine, habari ikaishia hapo.

Tumebishana mpaka tukaafikiana. Ikishona nguo moja nzima ya mteja kabla njia haijakauka, atakwenda mkahawani mwenyewe kuomba radhi. Ikishindwa, inaondoka, nami nisinune. Nimekubali. Sijawahi kununa maishani mwangu.

Yote haya aliyasema akiwa amesimama mlangoni. Hata pasi hapigi huyu. Miaka yote hii hajawahi kunyoosha hata leso kwenye meza ile, kazi ni yangu na ya binti yake. Nilishamzoea na uvivu wake.

Jumatano, 11 Machi

Nimetoa blanketi. Sijui kwa nini nilingoja miaka yote hii.

Rangi yake nyeusi bado inang'aa ukiisugua. Maua ya dhahabu yamebaki upande wa nyuma tu. Mbele yamefutika yote, na mahali yalipofutika zaidi ni pale Mama alipokuwa akiegemeza kiganja cha kushoto. Nimeweka changu pale. Kimeenea. Ubao una alama tano za kuungua na pasi, tatu kati yake ni kazi ya mikono yangu, naungama. Kanyagio limelika mashimo mawili, la kulia limezama kuliko la kushoto, kwa sababu Mama alikuwa akikanyaga kwa nguvu mguu wa kulia.

Ndani nimetoa vumbi la kujaza kikombe, pini mbili, na kifungo cha shati la shule.

Binti wa mdogo wangu, ambaye mimi humwita Bi Simu kwa sababu shingo yake haijanyooka tangu anunuliwe simu, aliinua macho akasema, "Mama mkubwa, tukiipiga rangi mpya itapendeza."

Nikamwambia ajipige rangi yeye.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua. Mafuta ya taa. Brashi ya meno. Gurudumu limegoma.

Ijumaa, 13 Machi

LIMEZUNGUKA. Kwanza kwa kulia kama paka, halafu kwa kunung'unika, halafu kimya kabisa, laini, kama halikusimama hata siku moja. Nilipiga kigelegele, mdogo wangu akadhani nimejichoma.

Mkanda wa ngozi ulikatika nilipougusa. Nimekata ukanda wa mkoba wangu, nikaunga kwa waya. Umetosha kabisa.

"Umekata mkoba wako wa kutokea?" akauliza mdogo wangu.

"Natokea wapi na mvua hii?"

Jumatatu, 16 Machi

Nimeshona. Au tuseme nimetoboa. Inashika mishono miwili, inaruka kumi, inashika mmoja, inaruka ishirini. Nimebadilisha uzi. Nimebadilisha sindano, nikaiweka vile vile nilivyoikuta ile ya zamani. Nimelegeza, nimekaza. Hakuna.

Mdogo wangu alitazama kile kitambaa kutoka mbali, wala hakucheka. Afadhali angecheka.

Jumatano, 18 Machi

Inaruka.

Alhamisi, 19 Machi

Inaruka. Mvua kubwa. Angalau mmoja wetu anafanya kazi yake.

Jumatatu, 23 Machi

Leo ameingia mkuu wa bendi ya tarumbeta, mtu mwenye kifua cha ngoma na sauti ya kuamsha waliozimia. Ameleta makoti kumi na sita ya sufu nyekundu. Tubadilishe kola zote na tuweke mabega mapya ya ngozi, yawe tayari kabla ya Jumamosi ya tarehe 2 Mei, siku watakayopita mjini wakipiga mbele ya watu wote.

"Mafundi watatu wamenikatalia," akasema. "Wanasema ni nene mno."

Mdogo wangu akapokea. Huyo ndiye mdogo wangu, kazi haimpiti. Mashine zetu mbili za umeme ni za mashati na magauni, lakini akasema tutajua mbele ya safari.

Ijumaa, 27 Machi

Tumejua mbele ya safari. Pale kola, ngozi na bitana vinapokutana, sindano ya umeme inaingia mpaka nusu, inanguruma, inakatika. Tatu leo asubuhi. Ya nne iliruka ikapita karibu na jicho la Bi Simu, na kwa mara ya kwanza mwaka huu akaweka simu chini.

Mchana umeme wenyewe ukakatika. Tukakaa tunatazama mvua, sisi watatu na makoti kumi na sita.

Nilichukua kipande cha sufu na cha ngozi, nikaviweka chini ya sindano ya Mama, nikazungusha gurudumu kwa mkono. Ilipita. Matabaka sita! Ilipita bila hata kusita, kama inatoboa mkate. Haikushika mshono, lakini ilipita. Nguvu anazo huyu bibi. Kinachomsumbua ni kitu kingine, nami sikijui.

Jumatatu, 30 Machi

Inaruka. Nimemtukana bibi wa watu, kisha nikampangusa.

Alhamisi, 2 Aprili

Siku mbaya. Nitaandika yote.

Jua limechomoza tangu asubuhi, la kwanza baada ya wiki tatu. Mwenye mkahawa akaja na kijiti, akakichomeka kwenye tope la kichochoro, akakitazama, akatuchekea dirishani. Bado kiliingia hadi nusu, lakini juzi kingezama chote.

Nikageuka nikakuta mdogo wangu anamrudishia tabasamu. Nikawaka.

Nilimwambia anavionea haya vitu vyetu. Nilimwambia tangu alipopata mashine za umeme anajiona ameumbwa nazo, na kwamba mtu anayeweza kuuza mikono ya mama yake iwe miguu ya meza anaweza kuuza chochote. Nilisema na mengine. Bi Simu akatoka nje, akasimama chini ya paa.

Mdogo wangu hakupandisha sauti. Alikuja mpaka katikati ya chumba, hatua tatu kutoka kwenye cherehani, akasimama hapo kama aliyefika kwenye mstari. Akanyoosha kidole cha shahada cha kushoto. Kucha yake imegawanyika katikati tangu utotoni. Nimeiona maisha yangu yote. Nilishaacha kuiona.

"Dada," akasema, "siku ile, nani alikuwa anakanyaga?"

Nikatazama kanyagio.

"Kila mtu anasema nilikuwa mtundu. Mama amekufa anajua nilikuwa mtundu. Shangazi zetu, majirani, mpaka mwanangu umemsimulia. Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa. Wewe ulikuwa unakanyaga. Nani aliyekuwa anakanyaga, dada?"

"Ni mimi," nikasema. Lakini sikuishia hapo, laiti ningeishia hapo. Nikaongeza, "Tulikuwa watoto."

Akatikisa kichwa, akachukua mwavuli, akaenda nyumbani.

Nimekaa peke yangu na kitu hiki cheusi, na yamenirudia yote, wala hayakutoka mbali. Tulikuwa tunashona gauni la mwanasesere. Mama alikuwa sokoni. Mimi mkubwa nikanyage, yeye mdogo aongoze kitambaa. Nilitaka kujua inaweza kwenda kasi kiasi gani. Akasema basi. Nilimsikia. Akasema tena, "Dada, basi!" Nami nikaongeza mwendo, kwa sababu ilikuwa tamu, kwa sababu gurudumu lilikuwa linaimba. Kisha sindano ikakatika, nusu ikabaki kidoleni mwake.

Na Mama aliporudi nikawahi kusema kabla yake.

Sasa najua kwa nini hapigi pasi. Miaka arobaini na mmoja nimemwita mtundu, tena mvivu.

Ijumaa, 3 Aprili

Hakuja kazini.

Jumamosi, 4 Aprili

Hakuja. Jua.

Jumatatu, 6 Aprili

Amekuja. Tumesalimiana kwa heshima, kama wageni kwenye foleni. Sindano mbili za umeme zimekatika. Nimetaka kusema mara tatu, mara tatu nikauliza mkasi uko wapi, nao umo mkononi mwangu.

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua imerudi usiku, asante. Kijiti cha yule bwana kimeelea kikaondoka na maji.

Ijumaa, 10 Aprili

Leo naandika kwa furaha. Karibu yote ni furaha.

Mdogo wangu alikuwa amekwenda kununua vifungo. Bi Simu alikuwa amejiinamia na simu kama kawaida, nami nikamwambia ingekuwa heri macho yake yafanye kazi japo siku moja.

"Sawa," akasema. "Inua kichwa cha hiyo cherehani."

Tukakilaza nyuma kwenye bawaba zake, tumbo likawa wazi. Akaisogeza simu karibu na ndoano ile inayokamata uzi wa sindano, akaniambia nizungushe gurudumu kwa mkono, polepole. Akarekodi. Halafu akairudisha picha ikiwa inakwenda taratibu sana, mpaka ungeweza kuhesabu nyuzi.

"Tazama, mama mkubwa. Sindano ikianza kupanda, uzi unafanya kitanzi. Umeona? Kitanzi kinatokea kulia. Na ndoano inapita kushoto. Hawakutani hawa."

Nilitazama mara nne. Kisha nikaona haya ya kutamani sakafu ifunguke. Sindano ina upande bapa, na kitanzi hutokea upande huo. Bapa lilikuwa limetazama kulia. Nilikuwa naiweka sindano kinyume! Mimi, fundi wa miaka thelathini! Kwenye mashine zetu za umeme uzi unaingia kutoka kushoto, mkono wangu umezoea hivyo, haukuuliza. Na tena niliiweka kama nilivyoikuta ile ya zamani.

Nikalegeza skrubu, nikageuza bapa kushoto, nikapitisha uzi kutoka kulia. Nikaweka sufu, ngozi na bitana. Nikakanyaga.

Ilishona. Haikuruka hata mmoja! Mshono ulitoka umejipanga kama meno ya mtoto, mzuri, umebana, na ile sauti, tak-tak-tak, ambayo nililala nikiisikia utotoni kwangu kote. Nikalia. Bi Simu naye akalia, huku anarekodi. Nimemwomba msamaha kwa jina nililompa. Akasema amelizoea, libaki, lakini sasa nilitamke kwa adabu.

Alipoondoka ndipo swali likanikaa. Ile sindano ya zamani, niliyoiiga, nani aliiweka kinyume?

Ile ya kwanza ilikatika kidoleni. Kabla Mama hajarudi, kabla hata sijamfunga mdogo wangu kitambaa, nilichukua sindano nyingine kwenye kopo nikaipachika, ili cherehani ionekane haijaguswa. Mama akaijaribu mara moja, ikaruka, akasema imeharibika, akaifunika, asiijaribu tena. Tangu siku ile hakuna mkono mwingine uliogusa skrubu ile.

Haikuharibika kamwe. Ni mimi.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimesema.

Nilimkuta anakata bitana. Sikungoja apumzike, maana ningeuliza tena mkasi.

"Mdogo wangu. Ulisema basi. Nilikusikia mara zote mbili. Nikaendelea kwa sababu ilinipendeza. Halafu nikabadilisha sindano kwanza, ndipo nikakutazama wewe. Halafu nikamwambia Mama ni utundu wako. Nisamehe."

Alikata mpaka mwisho wa kitambaa, mstari umenyooka sana, kuliko wangu. Akaweka mkasi chini.

"Kwanza sindano?" akasema.

"Kwanza sindano."

"Kweli wewe ni fundi tangu zamani," akasema, nisijue kama anataka kucheka au kulia. Akafanya vyote. Nami pia. Alimwita binti yake, akanishika mkono mbele yake, akasema, "Mweleze na huyu, maana ulimsimulia ya uongo." Nikamweleza. Tutawaeleza na shangazi, waliobaki.

Halafu akasema, "Haya, shona makoti. Nataka kuona."

Alitazama akiwa kwenye mstari wake, hatua tatu.

Jumanne, 14 Aprili

Makoti manne.

Nimeanza kuijua tabia yake. Inavuta kushoto, kwa sababu ukucha mmoja wa kile chuma cha kubana kitambaa umelika kuliko mwenzake. Kwa hiyo mkono wangu unavuta kulia kidogo tu, kama unavyomshika mtu mzima anayechechemea, bila kumwonyesha kwamba unamsaidia. Haipendi kuharakishwa mwanzoni. Ikishapata moto, inakwenda yenyewe. Miguu yangu imezama kwenye mashimo ya Mama, na bila kukusudia nakanyaga zaidi kwa kulia.

Sitaki ipigwe rangi. Mahali ilipolika ndipo ilipofanya kazi.

Alhamisi, 16 Aprili

Saba. Umeme umekatika kutwa. Hatukujua mpaka jirani alipokuja kulalamika.

Jumatatu, 20 Aprili

Tisa. Mdogo wangu amekwenda mkahawani, kama alivyoahidi. Amerudi na habari kwamba bwana yule amekataa radhi. Anasema walipatana, na kioo ameshakiagiza.

Alhamisi, 23 Aprili

Kumi na mbili. Mvua imekatika. Siilaumu, imefanya yake.

Jumatatu, 27 Aprili

Kumi na tano. Kichochoro kimekauka mpaka kimepasuka.

Jumanne, 28 Aprili

Amekuja. Saa nne asubuhi, na mkokoteni, na vijana wawili wa kubeba, na kamba mkononi.

Mkuu wa bendi alikuwa ndani anajaribu koti lake. Lilikuwa limemkaa vizuri mno, mabega ya ngozi yamesimama, kola imemnyoosha shingo mpaka akawa mrefu zaidi. Anajigeuza mbele ya kioo, hataki kulivua.

"Nimefuata meza yangu," akasema mwenye mkahawa.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, koti la mwisho mapajani. Nilifungua mdomo. Mdogo wangu akaniinulia kiganja, ninyamaze. Akamwambia yule bwana aketi, ampe dakika kumi, na kama baada ya hapo bado anaona meza, aibebe.

Kisha akavuka mstari wake. Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Bi Simu akasahau hata kurekodi. Mdogo wangu akasimama kando yangu, akaweka kiganja pale palipofutika maua, akakaa hivyo kidogo. Nikainuka kumpisha aketi.

"Mimi nitakanyaga," akasema. "Wewe shika kitambaa."

Akaketi. Mimi nikapiga goti ubavuni, nikaweka kola chini ya sindano, vidole vyangu huku na huku, karibu sana, kama vya mtoto wa miaka tisa. Nilikuwa na hofu, sitaki kudanganya.

Akaanza polepole. Kanyagio likapanda na kushuka, gurudumu likazunguka, tak, tak, tak. Kola, ngozi, bitana. Akaongeza kidogo. Nikavuta kulia. Mkuu wa bendi akaacha kioo akasogea, mwenye mkahawa akasimama kutoka kitini, kamba ikamponyoka akaiacha chini. Mdogo wangu akaongeza tena, na gurudumu likaanza kuimba. Nilimtazama usoni. Alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka, anakanyaga kwa mguu wa kulia kama Mama, kwa kasi ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuithubutu, na mshono unatoka mzuri, mzuri, hauruki, unazunguka bega la mwisho la koti la mwisho.

"Hiyo si meza," mwenye mkahawa akasema nyuma yetu, taratibu, kama anajisemea.

Sindano ilikuwa imefika ukingoni, upana wa kidole tu kutoka kwenye kidole changu.

"Mdogo wangu," nikasema, "basi."

Akaacha kukanyaga hapo hapo.